Jina Lililo Ndani ya Mabano

Msomaji aliyepata kushika mkononi santuri ndogo ya kale, ile ya nyimbo mbili, mmoja upande huu na wa pili upande ule, atakumbuka kuwa katikati yake hubandikwa karatasi ya duara, na juu ya karatasi hiyo jina la kampuni huandikwa kwa madaha, jina la mwimbaji kwa herufi nene, jina la wimbo kwa herufi za wastani, na chini yake, ndani ya mabano, kwa herufi nyembamba ambazo mwenye macho dhaifu hazioni ila kwa miwani, jina la mtu ambaye aghalabu hakuna anayemuuliza. Mtu huyo ndiye mtunzi. Mwimbaji hupigiwa makofi, kampuni huhesabu fedha, na huyu wa mabanoni, ikiwa jina lake limeandikwa kwa haki, hupata mrabaha kila santuri inapouzwa na kila wimbo unaporushwa redioni, hata kama amekwisha kuwa mzee asiye na sauti, hata kama yu kaburini na wanaopokea ni wanawe. Nashika rai kwamba taarikhi ya muziki wa roki, pamoja na jamaa zake wote wanaoitwa muziki wa kisasa, haisomwi vyema katika picha za vijana wenye nywele ndefu na magitaa yanayong'aa, bali katika mabano hayo.

Huku kwetu imeota dhana, wazee wakiitumia kuulaumu muziki huo na vijana wakiitumia kuusifu, kwamba roki ni zao la Wazungu, waliolizua kwa akili zao na kulieneza kwa nguvu za mitambo yao. Mitambo ni kweli ilikuwa yao, na fedha kadhalika. Lakini ukiyasoma yaliyomo mabanoni, na hasa ukiuliza ni nani aliyestahili kuwamo humo asiwemo, utaongozwa mbali na London na New York, hata ufike katika mashamba ya pamba ya Mississippi, kwa wajukuu na vitukuu vya watu waliochukuliwa utumwani kutoka pwani ya magharibi ya bara letu.

Utumwa ulipofutwa Marekani mwaka 1865, wengi wa walioachwa huru hawakuwa na ardhi wala jembe, wakaingia katika mapatano ya kulima shamba la mtu kwa kugawana mavuno, ambapo mwenye ardhi aliwakopesha mbegu, unga, nguo na dawa, mara nyingi kutoka katika duka lake mwenyewe, na pamba ilipokwisha kuvunwa na kupimwa, yeye ndiye aliyefungua daftari na kuwajulisha, wao wengi wakiwa hawajui kusoma, kuwa mwaka huu nao deni limezidi mavuno. Namwomba msomaji alikumbuke daftari hilo, kwani tutakutana nalo tena. Katika hali hiyo ndimo bluzi ilimozaliwa: mtu mmoja na gitaa lake, ubeti wa mistari mitatu, wa kwanza ukirudiwa na wa tatu ukaleta jibu, na sauti ikipindwa kati ya noti na noti kwa namna ambayo vitufe vya kinanda haviwezi kuifuata. Mwaka 1941 walifika katika shamba la Stovall, karibu na mji wa Clarksdale, watafiti wawili wenye mtambo wa kunasia sauti: Alan Lomax wa Maktaba ya Bunge la Marekani, na mwanachuoni Mweusi John Work wa Chuo Kikuu cha Fisk, ambaye jina lake lilikaa miaka mingi bila ya kutajwa katika kazi hiyo. Walimkuta dereva wa trekta aitwaye McKinley Morganfield, ambaye watu walimwita Muddy Waters, wakamrekodi nyumbani kwake. Baadaye akaletewa kwa posta santuri mbili za sauti yake mwenyewe na hawala ya dola 20, naye akaichukua santuri moja akaiweka katika lile sanduku la muziki linalotiwa sarafu, ili majirani waisikie.

Mwaka 1943 Muddy Waters alipanda gari moshi kwenda Chicago. Hakuwa peke yake. Takriban Wamarekani Weusi milioni 6 waliihama Kusini katika miongo sita hivi ya karne iliyopita, wakikimbia daftari, na wakikimbia pia watu waliokuwa wakiwanyonga jamaa zao mitini bila ya hukumu, wakaingia katika viwanda vya nyama, vya chuma na vya karatasi vya Kaskazini. Na hapa ndipo penye siri ya sauti ya roki, ambayo wengi huidhania kuwa ni ghasia tu iliyoongezwa kwa kuwapendeza vijana. Gitaa la mbao lililotosha kabisa katika kibaraza cha shamba usiku, ambako adui wake alikuwa chura na nyenje, halikusikika katika baa ya Chicago iliyojaa wafanyakazi waliopokea mshahara Ijumaa, glasi zikigongana na watu wakizungumza kwa kupaza sauti. Muddy akanunuliwa gitaa la umeme. Umeme haukuletwa na anasa, uliletwa na haja. Na ulipokwisha kuletwa ukageuza hata mkono wa mpigaji, kwa kuwa sasa noti moja iliweza kushikiliwa ikalia kwa muda, na kimya kati ya noti na noti kikawa na uzito wake. Ndugu wawili, Leonard na Phil Chess, wahajiri wa Kiyahudi kutoka Poland waliokuwa na baa katika mitaa hiyo, waliisikia biashara iliyomo katika sauti ile, na kampuni yao ya Chess ikawa ndiyo lango ambalo bluzi ya umeme ilipitia kwenda ulimwenguni.

Kisa kimoja nitakisimulia kwa kirefu kidogo. Machi 1951, vijana wa bendi ya Ike Turner, ambaye yeye mwenyewe alikuwa na umri wa miaka 19, walitoka Clarksdale kwa motokaa kwenda Memphis kurekodi, vyombo vimefungwa juu ya paa, na njiani, kwa masimulizi yao, kikuza sauti cha gitaa kikaanguka barabarani, kiwambo cha spika kikachanika. Walipofika katika studio ya Sam Phillips, chumba kidogo katika barabara ya Union, na waya zikachomekwa, gitaa likatoa mngurumo wa kukwaruza ambao fundi yeyote mwenye kuiheshimu kazi yake angeukataa. Phillips alikunja karatasi, akaisokomeza ndani ili kukishikilia kiwambo, akasikiliza, akaridhika nao, akaurekodi ulivyo. Miaka si mingi baadaye viwanda vilikuwa vikitengeneza na kuuza vifaa vya kuuiga kwa makusudi uharibifu ule. Wimbo huo, "Rocket 88", ulitolewa na Chess, ukashika nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa Weusi, na wapo wanaouita santuri ya kwanza ya roki, ubishi ambao mimi siuingii. Linalonishughulisha ni kibandiko chake: kiliandikwa jina la Jackie Brenston, mpiga saksafoni aliyeuimba, pamoja na jina la bendi ambayo haikuwapo. Turner, mwenye bendi na mpiga piano, hakuandikwa. Naye Brenston alikuja kukiri kuwa aliufuatisha wimbo wa Jimmy Liggins uliotangulia.

Kabla ya vijana hawa alikuwapo mwanamke. Sister Rosetta Tharpe, mzaliwa wa Arkansas mwaka 1915, alilelewa katika kanisa lililoruhusu ngoma na gitaa mbele ya madhabahu, na tangu mwaka 1938 alipoanza kurekodi na kampuni ya Decca aliutoa muziki wa dini nje ya kanisa akaupeleka katika kumbi za starehe, jambo lililowaudhi waumini na kuwafurahisha wengine wote. Alilipiga gitaa la umeme kwa ustadi ambao Chuck Berry na Elvis Presley waliukuta tayari. Mei 1964 alipelekwa Manchester kwa ajili ya kipindi cha televisheni, jukwaa likiwa upande mmoja wa stesheni ya reli isiyotumika tena na watazamaji upande wa pili wa njia, mvua ikinyesha, naye akashuka katika gari la farasi amevaa koti zuri, akalivaa gitaa lake jeupe, akapiga. Filamu ya siku hiyo ipo, na kijana wetu anayedhani kuwa gitaa la umeme ni ala ya kiume na aitazame. Mama huyo alifariki Philadelphia mwaka 1973, na kaburi lake likakaa zaidi ya miaka 30 bila ya jiwe lenye jina. Waliopewa madaraka ya kuwaheshimu wakubwa wa roki kule Marekani walimwingiza katika orodha yao mwaka 2018.

Sasa nirudi kwenye daftari, maana lilihama nalo kutoka shambani likaingia katika ofisi za kampuni za santuri. Mwaka 1955 Chuck Berry alirekodi Chicago wimbo wake "Maybellene", na santuri ilipotoka alikuta mabanoni jina lake limeketi pamoja na majina ya watu wawili ambao hawakutunga hata neno moja: Alan Freed, mtangazaji mashuhuri wa redio wa New York, na Russ Fratto, mtu aliyekuwa akifanya biashara na kampuni ya Chess. Hila yake ilikuwa nyepesi na haikuvunja sheria yoyote: mtangazaji akiwa na theluthi ya mrabaha ataupiga wimbo usiku na mchana, kwani kila akiupiga hujilipa mwenyewe. Berry alidai miaka mingi hata haki yake yote ikamrudia. Arthur Crudup hakuwa na bahati hiyo. Wimbo wake "That's All Right" aliurekodi mwaka 1946, na Elvis, katika chumba kile kile cha Sam Phillips, akaurekodi upya Julai 1954, ukawa ndio mlango wa umaarufu wake. Jina la Crudup liliandikwa mabanoni barabara, lakini haki ya malipo ilikuwa mikononi mwa wakala wake, naye Crudup akarejea kufanya kazi za kibarua mashambani. Alipokuwa mzee mapatano ya kumlipa yalifikiwa, naye akaenda New York na wanawe kutia sahihi, na upande wa pili ukakataa kutia sahihi yake. Akafa mwaka 1974, na fedha za maana zikaanza kufika kwa warithi. Mtu aliyekuwa akikaguliwa hesabu na mwenye shamba alikaguliwa vivyo hivyo na mwenye kampuni, na tofauti ni kwamba pamba huisha ikivunwa, ilhali wimbo huvunwa milele.

Si haki, hata hivyo, kumfanya Elvis mwizi, kama wafanyavyo waandishi wenye pupa. Mwaka 1956, katikati ya kelele za kushangiliwa, alimwambia mwandishi wa gazeti waziwazi kuwa aliyapata mambo yake kwa Crudup na kwa Weusi walioyafanya zamani bila ya mtu kuwajali. Aibu ilikuwa ya soko. Pat Boone, kijana mtanashati mwenye sauti ya kistaarabu, aliuimba upya wimbo wa Little Richard "Tutti Frutti" kana kwamba anausoma kutoka katika kitabu cha shule, na santuri yake ikapanda juu kuliko ya mwenyewe katika orodha ya mauzo, kwa kuwa vituo vingi vya redio vilikubali wimbo vikakataa rangi ya aliyeutunga. Waliokuwa wakweli zaidi, ajabu yake, ni maadui. Wabaguzi wa Alabama walieneza kampeni dhidi ya roki wakisema bila ya kificho kuwa ni muziki wa Weusi uliokusudiwa kuwachanganya vijana wa rangi mbili, na Aprili 1956, Birmingham, watu wao wakaruka jukwaani wakampiga Nat King Cole, mwimbaji mpole ambaye roki hata haikumhusu. Walimjua baba wa muziki huo kabla ya mashabiki wake kumjua. Na kuhusu kuchanganyika hawakukosea: katika kumbi ambazo kamba ilifungwa katikati, Weusi kushoto na Weupe kulia, ilitokea zaidi ya mara moja wachezaji wakaishusha kamba, na polisi wakashindwa la kufanya.

Uingereza nitaipitia kwa haraka, kwa kuwa habari zake zimeandikwa kupita kiasi. Oktoba 1961, katika stesheni ya Dartford, Keith Richards alimwona mwenzake wa utotoni, Mick Jagger, ameshika kwapani santuri za Chuck Berry na Muddy Waters zilizoagizwa kwa posta kutoka Chicago, na urafiki uliofufuka kwa sababu ya santuri hizo ukazaa bendi iliyojiita Rolling Stones, jina lililotoka katika wimbo wa Muddy. Beatles wa Liverpool waliimba nyimbo za Berry na za Smokey Robinson, na watazamaji takriban milioni 73 wa Marekani waliowaona katika televisheni Februari 9, 1964 walishangilia, wengi bila ya kujua, muziki uliokuwa ukipigwa mitaa michache kutoka kwao. Lakini vijana wale wa Kiingereza nawapa sifa moja wanayostahili: walitaja majina. Walipofika Marekani na waandishi wakawauliza wanapenda kumwona nani, walimtaja Muddy Waters. Na mwaka 1965 Rolling Stones walipoalikwa katika kipindi cha televisheni walitaka mwimbaji wa bluzi Howlin' Wolf aimbe pamoja nao, wakaketi chini miguuni pake, wakamsikiliza mzee akitumbuiza taifa ambalo lilikuwa halijapata kumwona.

Wengine hawakuwa na adabu hiyo. Mwaka 1969 Led Zeppelin walitoa wimbo "Whole Lotta Love", na mabanoni waliandika majina yao wenyewe, ingawa sehemu kubwa ya maneno ilitoka katika wimbo ambao Willie Dixon alimtungia Muddy Waters miaka saba nyuma. Dixon, mpiga besi na mtunzi aliyeijenga nusu ya fahari ya kampuni ya Chess, aliwashitaki mwaka 1985, wakapatana nje ya mahakama miaka miwili baadaye, na leo jina lake limo mabanoni. Dixon alianzisha pia mfuko wa kuwasaidia wanamuziki wazee na kuwafundisha watoto, na mfuko huo ndio uliokuja kulimiliki jengo la kale la Chess katika barabara ya South Michigan.

Atasema mtu: je, muziki wote si wa kuazimana? Ni kweli, na mimi simo katika wale wanaotaka kila mtu aimbe cha babu yake tu. "Maybellene" yenyewe Berry aliijenga juu ya wimbo wa fidla wa Wazungu wa mashambani. Maneno ya Crudup yamo, baadhi yake, katika santuri ya kipofu Blind Lemon Jefferson ya miaka ya ishirini. Na Jimi Hendrix, mzaliwa wa Seattle, ilimbidi aende London mwaka 1966 ndipo nchi yake imtambue, akarudi na gitaa lililochanganya mapokeo yote hayo hata mwenye kuyapambanua akachoka. Kuazima ndio uhai wa sanaa, na washairi wetu wa pwani waliokuwa wakijibizana kwa bahari moja na vina vimoja walilijua hilo karne nyingi. Lakini mshairi aliyejibu alimtaja aliyemjibu. Hatia haimo katika kuimba cha mwingine. Imo katika kulifuta jina lake na kuandika lako.

Na hapa, kabla sijaendelea, niseme kidogo juu ya Freddie Mercury, kwa kuwa najua msomaji wa Unguja amekuwa akimngoja. Alizaliwa Mji Mkongwe tarehe 5 Septemba 1946 kwa jina la Farrokh Bulsara, mtoto wa Waparsi, akasomeshwa Panchgani, India, na familia yake ikahamia Uingereza mwaka 1964 baada ya Mapinduzi ya Zanzibar. Ni mwana wa kisiwa, hilo halina shaka, na wageni wana haki ya kuonyeshwa alikozaliwa. Ila muziki alioupiga na bendi yake ya Queen hakuujifunzia Unguja, na sioni fahari ya kumkumbatia mtu kwa sababu tu London ilimkubali, ilhali Siti binti Saad, aliyesafiri Bombay mwaka 1928 akarekodi taarabu kwa Kiswahili na kuzifanya santuri zake zisikike pwani yote, vijana wengi wa mji huo huo hawawezi kuutaja hata wimbo wake mmoja.

Kisa kinachotuhusu zaidi ni cha Solomon Linda. Mzulu huyu, aliyetoka mashambani Natal kutafuta kazi Johannesburg, alikuwa mfanyakazi wa kawaida wa kampuni ya santuri ya Gallo, na jioni kiongozi wa kundi la waimbaji waliovaa suti nadhifu. Mwaka 1939 waliingia studio wakarekodi "Mbube", na katika kurekodi huko, juu ya sauti nzito za wenzake, Linda akabuni papo hapo mahadhi ya juu yanayopanda na kushuka, ambayo leo, nathubutu kusema, hakuna nchi ambayo hayajaimbwa. Santuri ilipendwa sana Afrika Kusini. Baada ya vita nakala yake ilifika mikononi mwa Alan Lomax, yule yule wa Stovall, naye akampa rafiki yake Pete Seeger, na bendi ya Seeger, Weavers, ikaiimba mwaka 1952 kwa jina la "Wimoweh". Mabanoni iliandikwa Paul Campbell. Paul Campbell hakupata kuzaliwa. Lilikuwa jina la kubuni ambalo bendi hiyo ilitumia kujikusanyia mrabaha wa nyimbo ilizoziona kuwa hazina mwenyewe. Mwaka 1961 watunzi wa New York wakauongezea maneno mapya ya Kiingereza, kundi la Tokens likauimba kwa jina la "The Lion Sleeps Tonight", ukashika nafasi ya kwanza Marekani. Na mwaka 1994 ukaingia katika filamu ya Disney ya simba mfalme, ambayo, kwa taarifa ya msomaji, ilijipambia pia maneno ya Kiswahili bila ya kumwomba mtu ruhusa.

Linda mwenyewe alikuwa amekwisha kuziuza haki zake kwa shilingi 10. Alifariki mwaka 1962 katika ufukara, na kaburi lake likakaa miaka 18 bila ya jiwe. Seeger, alipotambua mwenye wimbo ni nani, alimpelekea dola 1,000 na kuagiza malipo yaendelee, lakini mto wa fedha ulikuwa umekwisha chimbiwa njia nyingine. Ukombozi ulitoka mahali ambapo hakuna aliyepatazamia: katika sheria ya hakimiliki ya dola ya Kiingereza ya mwaka 1911 kilikuwamo kifungu kilichosema kuwa miaka 25 baada ya kufa kwa mtunzi haki zilizouzwa hurejea kwa warithi wake, na kwa kuwa Afrika Kusini ilikuwa imo katika dola hiyo, mabinti wa Linda walikuwa wakizimiliki tangu mwaka 1987 bila ya wao kujua. Kesi ilifunguliwa mwaka 2004, alama za biashara za Disney zikazuiliwa na mahakama ya Afrika Kusini kuwa dhamana, na Februari 2006 yakapatikana mapatano ya kuwalipa warithi na kulitambua jina la baba yao. Sheria iliyotungwa na wakoloni kwa faida ya waandishi wa London iliwalipa mabinti wa Soweto, nami nakiri kuwa kila nikikikumbuka kisa hiki huona ladha yake.

Sisi nasi tulikuwa na upofu wetu. Novemba 1969, mwaka ule ule ambao "Operesheni Vijana" ilikuwa ikiwasaka mabinti wa Dar es Salaam waliovaa sketi fupi na vijana waliovaa suruali za kubana, muziki wa soul, jamaa wa roki, ulipigwa marufuku katika kumbi za mji kwa hoja kwamba ni wa kigeni na unaharibu utamaduni wa taifa. Nia naielewa, taifa changa lilikuwa likitafuta sura yake. Lakini waliokuwa wakipigwa marufuku walikuwa James Brown na wenzake, vitukuu vya Afrika, waliokuwa wakiimba kwa kujivunia weusi wao, huku santuri za rumba, zilizofika kwetu kutoka Cuba baada ya Wakongo kuzifanya zao, zikiendelea kupigwa na kuhesabiwa kuwa za nyumbani. Wabaguzi wa Alabama waliukataa muziki huo kwa kuwa ni wa Kiafrika, na wakubwa wa Dar es Salaam wakaukataa kwa kuwa si wa Kiafrika. Wa kwanza walikuwa na chuki na elimu. Hawa wa pili walikuwa na nia njema, na hawakusoma mabano.

Leo santuri imekwisha, na kibandiko kimekwenda nayo. Katika simu ya kijana jina la mwimbaji na picha yake hutokea mara moja, na la mtunzi, likiwapo, limefichwa nyuma ya vibonyezo kadhaa ambavyo hakuna avibonyezaye. Redio zetu nazo hupiga zilipendwa alfajiri na jioni zikataja bendi peke yake, kana kwamba bendi nzima iliketi ikatunga ubeti mmoja kwa mkono mmoja, ilhali katika zile bendi za dansi kila wimbo ulikuwa na mwenyewe, na wenzake wote walimjua. Tanzania ina sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999, Kenya ya mwaka 2001, na ofisi zipo. Lakini malipo hugawiwa kwa orodha, na orodha hutokana na kilichoandikwa na kituo kilichoupiga wimbo. Jina lisipoandikwa studioni usiku wa leo, hakuna hakimu atakayelisoma kesho kutwa. Nawaomba basi watangazaji wetu, na wahariri wa kurasa za burudani pamoja nao, waanze na jambo hili moja lisilogharimu hata senti: wimbo ukiisha, mtajeni mwimbaji, kisha mtajeni mtunzi, na kama mtunzi hajulikani, semeni hewani kuwa mnamtafuta, maana huenda baadhi yao wangali hai na wanasikiliza.